Kiaskari Kilichopewa Jina

Nyumba ya Waitara kule Busawe ilianza kuharibika kwa jambo dogo ambalo wengi wetu tungelipita bila kugeuka. Tabitha, mkewe, aliingia asubuhi kufagia chumba cha marehemu mwanawe, akakuta kiaskari kimoja cha udongo kimelowa miguu. Mvua zilikuwa bado hazijaanza, bati la chumba kile halikuwa na tundu, na viaskari vingine vyote juu ya ubao vilikuwa vikavu na vumbi lao. Akakigusa kwa ncha ya kidole. Kilikuwa laini, kibichi, na kidole chake kikaacha alama.

Sasa, udongo ukishachomwa haurudi kuwa tope. Tabitha alikuwa binti wa mfinyanzi, na jambo hilo alilijua tangu hajaota meno ya pili. Lakini alisema moyoni kwamba labda mzee amemwaga maji, akainama, akaendelea na ufagio wake. Wanawake wa rika lake wamezoeshwa kuendelea kufagia hata kama nyumba inaungua upande wa pili.

Chumba kilikuwa cha Kisyeri, mtoto wao wa pekee. Alikuwa kijana wa kazi, asije mtu akasema alikuwa mvivu. Alipika kwenye kambi ya watalii upande wa Machochwe, karibu kabisa na mpaka wa hifadhi. Huko ndiko alikookota ugonjwa wake wa viaskari. Mgeni mmoja mzee, mzungu aliyeteguka mguu siku aliyofika, alibaki kambini hana pa kwenda wakati wenzake wakifuata simba, akatoa kwenye begi lake kisanduku cha askari wadogo wa bati, akamfundisha mpishi mchezo wa vita. Mgeni alipopona aliondoka na kisanduku chake. Mchezo ukabaki kwa Kisyeri.

Akatengeneza wake. Alichota udongo ukingoni mwa bwawa la Manchira, akafinyanga watu wasiozidi urefu wa kidole, akawachoma, akawapaka rangi ya kucha: jeshi jekundu na jeshi la bluu. Mikuki ilikuwa njiti za ufagio wa mama yake, ndiyo maana Tabitha kila mara alilalamika kwamba ufagio unakonda. Milima aliijenga kwa vumbi la mbao na gundi juu ya plaiwudi, mto akauchora kwa rangi iliyobaki walipopaka geti la kanisa. Kila askari alitembea kipimo chake kwa futi kamba ya fundi. Wawili wakikutana, dadu zinarushwa. Mwenye namba kubwa anabaki, mwenye ndogo anatolewa ubaoni. Aliyempa adui mgongo harushiwi dadu, anatolewa tu. Na kamanda akitolewa, vita vimekwisha. Jumapili walikuja vijana kutoka Mugumu mjini kucheza naye, watu wazima na ndevu zao, wakibishania sentimita moja mpaka ugali unapoa.

Waitara alivichukia viaskari vile. Alikuwa mtu mkubwa, mnadani sauti yake ilifika kabla ya ng'ombe wake, na aliona aibu kuwa na mwana wa umri ule anayechezea tope. "Mura, kijana mzima, wenzako wanalinda ng'ombe, wewe unalinda udongo," alikuwa akimwambia mbele za watu, na kucheka. Kisyeri naye alicheka. Mara nyingi alimwomba baba yake, "Tata, kaa siku moja tucheze, nikuonyeshe." Waitara hakukaa hata siku moja.

Halafu ikaja siku ya yowe. Ng'ombe wa jirani walikuwa wamechukuliwa mchana kweupe, vijana wanakimbilia mtoni na pinde, na Kisyeri yuko chumbani anapaka rangi. Waitara alisimama mlangoni akamwambia maneno ambayo sitayarudia yote. La mwisho lilikuwa kwamba amezaa mwanamke. Kisyeri akafunika kichupa chake cha rangi, akatoka. Walimrudisha kabla jua halijazama, wamembeba kwenye blanketi, na mshale umevunjikia shingoni mwake.

Kijana huyu hakuwa ameoa, wala hakuacha mtoto popote. Katika ukoo ule wa Wakurya, mtu akifa alitafutiwa kichanga apewe jina lake, ili marehemu apate pa kukaa katikati ya watu wake na asibaki akizurura njiani. Lakini kijana asiyeacha kitu nani atamkumbuka? Waitara alizunguka kwa ndugu zake wote, kwa kila mji wenye mimba, akaomba. Watu walikohoa, wakasema tutaona, na watoto wakazaliwa wakapewa majina ya mababu. Jina la Kisyeri halikupata mtu.

Ndipo Waitara akafanya alichofanya. Jioni moja Tabitha alimkuta amepiga magoti mbele ya ubao, ameshika kamanda mwekundu, yule ambaye Kisyeri alimchezea siku zote. Alikuwa amempaka unga wa wimbi kwenye paji la uso kwa kidole kidogo, kama apakwavyo mtoto mchanga, amempulizia puani, na analiita jina taratibu. Kisyeri. Kisyeri. Tabitha alipaswa kumzuia. Alijua vizuri kwamba jina la marehemu hupewa chenye pumzi, hakipewi kitu kingine chochote. Lakini hakuwa amelisikia jina lile likitamkwa kwa upole na mwanamume yule tangu mtoto azaliwe, akasimama mlangoni na ncha ya kanga mdomoni, akaacha limalizike.

Siku chache baadaye ndipo alipoikuta miguu ya kamanda imelowa.

Mvua zikaanza. Kule mvua hushuka mchana, watu wakishakula, na ikipiga juu ya bati humsikii hata anayekuita ukiwa karibu naye. Waitara akaufanya wakati huo kuwa wa mchezo. Mwanzoni alicheza pande zote mbili peke yake, akiyakumbuka masharti kwa shida, kwa yale aliyoyadaka zamani akipita mlangoni na kujifanya hasikii. Yeye alikuwa bluu, na vita vilikuwa vimoja, vikiendelea kila siku pale vilipoishia jana. Dadu za wekundu alizirusha kwa niaba ya mwanawe. Tabitha akiwa jikoni anachambua dagaa alimsikia akinung'unika, akikohoa, akijilaumu kwa kukosea vipimo.

Siku moja, mvua ilipopungua, alimsikia anacheka.

"Mama Kisyeri," Waitara alisema alipotoka, na alisema chini chini, yeye ambaye hakuwahi kusema chini chini maishani. "Leo sikumrushia dadu."

"Nani alizirusha?"

"Niligeuka kuchukua ugoro. Nikasikia dadu zinalia kwenye ubao. Kugeuka hivi, amekwisha kutembea. Amenizunguka kule mtoni, amenitoa wawili." Akamshika mkewe mkono, jambo alilokuwa ameliacha miaka mingi nyuma. "Anacheza vizuri huyu mtoto. Mbona hukuniambia anacheza vizuri hivi?"

"Nilikuambia," Tabitha akasema.

Nitasema ukweli wake. Aliogopa, na alifurahi, na furaha ilikuwa kubwa kuliko woga. Usiku alilala akisikiliza, na asubuhi aliingia chumbani kabla hata ya kuwasha moto. Viaskari vyekundu vilikuwa vinarudi kuwa vibichi kimoja baada ya kingine, vina jasho mgongoni, na kamanda wao alikuwa na uvuguvugu ukimshika. Chumba kilianza kunuka. Kwanza ilikuwa harufu ya tope la bwawani, halafu chini yake ikaja nyingine, ya kijana aliyetoka kazini, moshi wa kuni, vitunguu, jasho la kwapani. Tabitha alisimama katikati ya chumba akaivuta harufu ile mpaka kifua kikamuuma. Alifunga dirisha ili isitoke.

Kadiri viaskari vilivyolowa, Waitara alikauka. Midomo ilipasuka. Ngozi ya mikono ikawa nyeupe na kujikunja, na alikunywa maji mtungi mzima bila kiu kuondoka. Sauti ilikuwa ya kwanza kumtoka. Alipowaita ng'ombe hawakugeuka. Kila alipotoka kwenye mchezo alipumua kwa shida zaidi ya jana, akishikilia ukuta, na bado alisubiri mvua ya kesho kwa hamu ya mtoto anayesubiri sikukuu.

Mwalimu Faudhia, mwanamke wa Tanga aliyekuwa akifundisha shule ya msingi pale kijijini, alizoea kupita kuchukua maziwa. Alipofika siku hiyo manyunyu yalikuwa yanaanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Ingia usilowe."

Faudhia aliingia, akaweka kibuyu chake mezani, kisha akainamisha kichwa kusikiliza. "Mama, chumbani kuna nani?"

"Ni mzee."

"Mzee nimempita zizini sasa hivi, kakaa juu ya jiwe anahema."

Tabitha akaendelea kumimina maziwa. Yalimwagika kidogo. Kutoka chumbani ilisikika sauti ya kitu kidogo kikiburutwa juu ya mbao, kikitua, kikiburutwa tena, na kisha dadu.

"Mama yangu," Faudhia akanong'ona, amekwisha kurudi nyuma mpaka mlangoni, "hilo jini. Kwetu tunayajua. Likiona jina halina mwenyewe, linalivaa kama shati."

"Usiseme hivyo nyumbani kwangu."

"Nisiposema mimi, atasema nani?"

"Ni mwanangu, mwalimu. Namjua kwa harufu."

Faudhia alimtazama kwa huruma. "Mtoto gani anamnywa baba yake, mama?" akauliza, akaondoka kwenye mvua bila maziwa yake.

Swali lile halikumwacha Tabitha alale. Kesho yake mvua ilipoanza aliingia chumbani nyuma ya mumewe na kukaa kwenye kitanda cha mwanawe. Waitara hakumfukuza, nadhani hakumwona. Alikuwa ameinama juu ya ubao, anamsogeza askari wake wa bluu kando ya mto, kisha akajiegemeza kwenye kiti na kufumba macho. Tabitha akaangalia upande wa pili, ambako hapakuwa na mtu.

Mvua ikazidi, bati likanguruma, chumba kikaingia giza la mchana, na katika giza lile akaona kamanda mwekundu anateremka kilima chake, hatembei, anateleza tu taratibu juu ya vumbi la mbao na kuacha nyuma yake mfereji mwembamba wa maji, anapita kando ya mawe, anasimama, na kile kifua chake cha udongo, kisichofika hata ukubwa wa punje ya hindi, kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka, na kila kinapopanda kifua cha Waitara pale kitini kinashuka, kwa zamu, kana kwamba ni pumzi moja inayopita kwenye mlango mmoja, mpaka Tabitha naye akajikuta amezuia pumzi yake asije akaipunguza iliyobaki. Dadu zikajizungusha. Askari wa bluu akaanguka. Kisha kamanda akageuka, kidogo kidogo, mpaka uso wake ambao Kisyeri aliuchora kwa mwiba ukamwelekea Tabitha.

Waitara akafumbua mdomo. Sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Nimechoka kusimama," ilisema. "Hapa hakuna pa kukaa."

Ilikuwa sauti ya Kisyeri, ile ya usingizini, ya mtoto aliyeamshwa mapema kwenda shule. Tabitha alitoka chumbani kinyumenyume. Kisha akachukua mwavuli, akaenda Machochwe kumtafuta Mogesi.

Mogesi alikuwa mganga, mwanamke mfupi wa maneno machache ambaye hata wazee wa kanisa walimwendea kwa kupitia nyuma ya nyumba. Alikuja. Alikataa chai, akasimama kwenye mlango wa kile chumba bila kuingia, akanusa.

"Nani aliita?"

"Mume wangu."

"Alimpulizia?"

"Alimpulizia puani. Na wimbi alimpaka."

"Basi pumzi hiyo ndiyo inayotumika. Udongo hauna pumzi. Jina linataka kupumua, linapumua ya kwake. Vita vile vikiisha na yeye ameshindwa, itakuwa imekwisha yote."

"Mama Mogesi, ni jini au ni mtoto wangu?"

"Jini. Mtoto wako amekwenda."

"Una hakika?"

Mogesi aliangalia upande wa zizi. "Ukitaka mumeo aishi, chukua hivyo nilivyosema." Kisha akaeleza namna ya kulitoa, na alieleza taratibu kama mtu anayemwelekeza mwenzake dawa ya mtoto. Aliyemzaa mwenye jina ndiye awezaye kulivua. Tabitha atamshika kiaskari mkononi, atamkana, atasema hakumzaa, na kumzamisha kwenye maji ya lile bwawa ulikotoka udongo wake. "Litapigana nawe," Mogesi alisema. "Litakimbilia kumaliza mchezo kabla hujasema. Litalia. Jini halitoki kwa hiari yake hata siku moja, hilo lishike. Ukisita, mzee huna."

Jioni Tabitha alimwambia mumewe yote. Alimwambia akiwa amechuchumaa mbele yake, akimlisha uji kwa kijiko.

"Hapana," Waitara akasema.

"Utakufa."

"Mara ngapi aliniambia nikae? Nikakataa. Nikamcheka mbele za watu." Alikuwa akipumzika kati ya neno na neno. "Mimi ndiye niliyemtoa kwenye mlango ule. Wale wa mshale walimalizia tu. Sasa nimekaa naye, Mama Kisyeri. Acha nikae."

"Na mimi?"

Uso wa Waitara ulijikunja kama wa mtu anayelia. Machozi hayakutoka, hakuwa na maji ya kulia. Tabitha alikifuta kinywa chake kwa kanga. Alikuwa na hasira naye, hasira ya siku ile ya yowe ambayo hakuwahi kumwonyesha, na bado alijua kwamba hawezi kuwazika wote wawili. Huyu mmoja alikuwa bado na joto. Huyu ndiye atakayempigania.

Siku ya pili Mogesi alileta ndoo ya maji kutoka Manchira, wakayamimina kwenye beseni na kuliweka kizingitini. Mvua ikaja kwa wakati wake. Waitara alijikokota mpaka kwenye kiti chake, hakuna aliyeweza kumzuia, maana hata walipomshika mkono aliendelea kwenda, na wao waliogopa kumvunja. Alikuwa amebakiwa na mtu mmoja tu ubaoni, kamanda wa bluu, kando ya mto. Alijaribu kumsogeza, vidole vikakataa. Kichwa kikamwangukia kifuani, macho yakafumba.

Upande wa pili, juu ya kilima, kamanda mwekundu alikuwa na jeshi lake zima.

Tabitha alianza kuvuka chumba kumchukua, akasimama katikati. Harufu ilikuwa imejaa kabisa sasa, ilikuwa Kisyeri mzima mzima, kama vile ameketi kitandani anavua viatu, na bati linanguruma na kizingitini Mogesi anasema "mshike, mshike sasa," na Tabitha hasongi mbele, kwa sababu viaskari vyekundu vyote vilikuwa vimeanza kupumua pamoja, na kifua cha mumewe kilikuwa kimeshuka na hakikupanda, na dadu, ambazo hakuna aliyezigusa, zilikuwa zinajizungusha katikati ya ubao, zinazunguka, zinazunguka, zikasimama kwa namba kubwa kuliko zote. Kamanda mwekundu akateremka kilima. Alipita kati ya watu wake, akavuka mto uliochorwa, akafika mbele ya kamanda wa bluu, mtu na mtu. Alikuwa amekwisha kushinda. Kilichobaki ni kumgusa tu.

Hakumgusa. Alisimama pale kwa muda mrefu, kifua kinapanda na kushuka. Halafu kidogo kidogo, huku udongo wa miguu yake ukichubuka kwa kugeuzwa, akageuka. Akampa kamanda wa bluu mgongo.

Tabitha alikuwa ametazama michezo ya Jumapili nyingi akipeleka chai na kuondoa vyombo. Alijua maana ya mgongo. Aliyempa adui mgongo harushiwi dadu, anatolewa tu.

Mogesi pale mlangoni hakujua mchezo, aliona tu kitu kimesimama. "Sema," alisema. "Mbona unangoja, sema."

Tabitha alimwangalia mwanawe. Hapakuwa tena na swali la jini au si jini. Jini halitoki kwa hiari yake, na huyu alikuwa amejileta mwenyewe mpaka chini ya mkono wa baba yake ili amwachie pumzi yake. Angeweza kunyamaza. Alifikiria kunyamaza, nitakuwa mwongo nikikuficha hilo. Angeweza kumwacha mzee aende, na kubaki na harufu hii chumbani, na sauti ile ya usingizini ikisema naye kila mvua inaponyesha. Kifua cha Waitara kilikuwa bado hakijapanda.

Alimwokota. Alikuwa na joto la mtoto aliyetoka kulala.

"Wewe si Kisyeri," alisema, na sauti yake ilitoka imara, ndilo jambo ambalo hakuja kujisamehe. "Mimi sikukuzaa. Sikujui."

Hakikulia. Hakikumkwaruza wala kumteleza kama Mogesi alivyoonya. Tabitha alipiga magoti mbele ya beseni, akakishika kichwa chake kidogo kwa vidole viwili ili maji yasikiingie ghafla usoni, kama alivyokuwa akimwogesha mwanawe kwenye beseni zamani, akakiteremsha. Kililegea mkononi mwake. Miguu ilikwenda kwanza, miguu iliyochoka kusimama, kisha kifua kikapanda mara moja ndani ya maji na kushuka, kisha rangi nyekundu ikajitenga na kuelea, na alipofungua kiganja hapakuwa na kitu ila tope.

Nyuma yake Waitara alivuta hewa kwa sauti, akakohoa, akavuta tena.

Mogesi aliingia chumbani kwa mara ya kwanza. Aliangalia viaskari vilivyobaki, vimekauka vyote na kupasuka, akanusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Harufu ilikuwa imekwisha. Chumba kilinuka vumbi la mbao tu. "Limetoka," alisema. Kisha akaona uso wa Tabitha, na kwa kuwa alikuwa mwanamke aliyezaa na kuzika, hakumuuliza kitu, akalibeba beseni nje mwenyewe.

Kufikia jioni Waitara alikuwa ameketi kitandani, amekunywa uji na kuomba mwingine. Midomo ilikuwa imelainika. Alipomwita mkewe, ng'ombe zizini waliinua vichwa.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Ameyeyuka."

Sasa machozi yalimtoka, yalikuwepo ya kutosha. Alilia kwa muda na Tabitha alikaa kando yake, mkono mgongoni pake, mpaka akatulia.

"Mogesi anasema lilikuwa jini."

"Ndiyo."

"Wewe ulikuwepo. Wewe ulimwona mwishoni, mimi sikuona. Niambie wewe. Lilikuwa jini?"

Mvua nje ilikuwa bado inaendelea, ndogo ndogo. Tabitha alijua kwamba akimwambia alichokiona, mzee huyu atakwenda Manchira kuchota udongo kesho asubuhi.

"Jini," akasema.

Waitara alishusha pumzi ndefu na kuegemea ukuta. Uso wake ulilegea kwa mara ya kwanza tangu mazishi. "Nilikuwa naanza kuhisi hivyo," alisema. "Mwanangu asingekuwa na moyo wa kuniua."

"Asingekuwa nao," Tabitha akasema, akampokea kikombe, akatoka nacho nje kukiosha.